Jinsi Jiji Linavyopanga Ada ya Mifereji ya Maji ya Mvua kwa Waendelezaji wa Ardhi: Utaratibu wa California

Mvua ikinyesha kwa kasi ya inchi 2 kwa saa, ekari moja ya majani hutoa maji kama lita 11 kila sekunde. Ng'oa majani hayo, mwaga lami ya maegesho, na mvua ileile itatoa lita 51, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20 kila sekunde inayopita. Hizo lita 40 za nyongeza ndizo mwendelezaji anazotakiwa kulipia. Makosa mengi ya ada hii, ya hesabu na ya kisheria, huanzia pale jiji linaposahau kwamba linatoza nyongeza na kuanza kutoza maji yote.

Mwongozo huu unafuata California, ambako sheria ya ada hizi imeandikwa kwa kina na kesi zake zimesikilizwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Vipimo ni vya huko: futi, ekari, na futi za ujazo kwa sekunde (moja ni kama lita 28). Hesabu ya dakio la ekari 600 tutakayoifanya ni ya mfano, bei zake ni za kufundishia. Mpangilio wa hatua ndio wa kazini.

Kabla ya hesabu, elewa kwa nini jiji linamgeukia mwendelezaji. Tangu wapigakura wa California wapitishe Proposition 218 mwaka 1996, ada nyingi za mali haziwezi kupandishwa bila ridhaa ya wenye mali au wapigakura. Jiji la Salinas lilijaribu kuwatoza wakazi ada ya maji ya mvua bila kura, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaiangusha. Bunge la jimbo lilijaribu kulegeza fundo hilo mwaka 2017 kwa muswada wa SB 231. Ada inayotozwa kama sharti la kujenga haimo katika kifungo hicho: inapitishwa na madiwani kwa azimio. Kwa hiyo ni fedha rahisi kupata kisiasa, maana atakayelipa hajahamia bado na hana kura. Urahisi huo ndio unaowatia majaribuni watu wa jiji kumpakia mgeni madeni ya wenyeji.

Hatua ya 1: Chora dakio, usichore mpaka wa jiji

Dakio ni eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mtaro au bomba moja. Lichore kwa mistari ya mwinuko, kisha lilinganishe na ramani ya mabomba yaliyopo, kwa sababu bomba halijali mgongo wa kilima. Kuna mitaa ambayo kwa macho inateremkia mashariki na maji yake yanatoka magharibi, eti kwa kuwa fundi wa miaka ya nyuma alipitisha bomba chini ya barabara. Mtaa mmoja wa namna hiyo ukiukosea, mwendelezaji mwenye mhandisi mzuri ataupata, na ripoti yako yote itatiliwa shaka kuanzia hapo.

Jiji linaweza kutoza kiwango kimoja mji mzima au kiwango cha kila dakio. Colorado Springs, katika jimbo la Colorado, kwa miaka mingi imetoza kwa ekari, kila dakio na bei yake, malipo yakifanyika ramani ya viwanja inaposajiliwa. Kiwango kimoja ni rahisi kusimamia. Tatizo ni kwamba anayejenga kusini anaweza kuwa analipia bwawa la kaskazini ambalo tone la maji yake halitafika kamwe, na uhusiano huo ndio mahakama zinaouulizia. Kama miradi yako mikubwa imejikusanya upande mmoja wa mji, toza kwa dakio.

Kwa wanaogawa viwanja, California ina kifungu mahususi, 66483 cha Government Code, mkusanyo wa sheria za serikali za jimbo hilo. Kinataka mpango wa mifereji wa eneo husika uwe umepitishwa, wenye makadirio ya gharama zote na ramani ya mipaka na mahali pa miundombinu, na sheria ndogo iwe imekuwa na nguvu kwa siku 30 kabla ramani ya awali ya ugawaji haijawasilishwa. Kina dari pia: ada ya ardhi yoyote isizidi fungu lake kama gharama zote za eneo zingegawanywa sawasawa kwa kila ekari. Jiji litakaloegemea kifungu hiki na kutaka kutoza maduka zaidi ya nyumba lipime viwango vyake dhidi ya dari hiyo mapema. Majiji mengine huegemea Mitigation Fee Act, sheria pana iliyotokana na muswada AB 1600 wa mwaka 1987, na ndiyo tutakayoifuata.

Hatua ya 2: Pima sakafu

Neno sakafu hapa lina maana ya chochote kinachozuia maji kuzama: paa, lami, zege, pevingi. Kiandike kwenye sheria ndogo na ukate mzizi wa ubishi mapema. Kokoto zilizoshindiliwa zinahesabiwaje? Bwawa la kuogelea, ambalo mvua yake hubaki humo humo? Pevingi zenye matundu ya kupitisha maji? Usipoandika, karani wa dirishani ataamua, na wa dirisha la pili ataamua vingine.

Asilimia za sakafu usizinakili kutoka kitabu cha jimbo jingine. Chukua picha za angani, chagua viwanja 30 hadi 50 kwa kila aina ya matumizi, chora paa na njia za magari kwa mkono kwenye kompyuta, kisha tafuta wastani. Ni kazi ya wiki mbili ya kijana mmoja makini, na ndiyo sehemu ya ripoti isiyopingika kirahisi.

Dakio letu la mfano lina ekari 600. Ekari 60 haziwezi kujengwa: kingo za kijito, bustani, miteremko. Ekari 240 zimeshajengwa, nusu yake ni sakafu, yaani ekari 120. Zimebaki ekari 300 tupu, na ramani ya matumizi ya ardhi inazigawa hivi:

– nyumba za familia moja, ekari 200 kwa sakafu asilimia 45: ekari 90
– magorofa ya kupanga, ekari 40 kwa asilimia 70: ekari 28
– maduka na ofisi, ekari 40 kwa asilimia 85: ekari 34
– maghala na viwanda, ekari 20 kwa asilimia 80: ekari 16

Jumla ya sakafu mpya ni ekari 168. Namba hii itunze vizuri, kwa maana ndiyo itakayogawa gharama zote. Ukiikuza kwa matumaini ya maendeleo ambayo hayatakuja, ada itakuwa ndogo na mfuko hautajaa. Ukiipunguza, kila mjenzi atalipa kupita fungu lake. Tumia ramani ya matumizi ya ardhi iliyopitishwa, usitumie ndoto za idara ya uchumi.

Hatua ya 3: Peleka mvua kwenye modeli

Fomula ya Rational (mtiririko ni kizidishi cha ardhi mara kasi ya mvua mara eneo) ndiyo iliyotupa lita 11 na 51 hapo juu, kwa kizidishi cha 0.2 kwa majani na 0.9 kwa lami. Inafaa kwa viwanja na madakio madogo. Miongozo mingi huishia ekari 200. Kwa ekari 600 zenye bwawa ndani yake unahitaji modeli inayofuata maji dakika kwa dakika, kama HEC-HMS ya Jeshi la Wahandisi la Marekani au SWMM ya shirika la mazingira la EPA. Zote zinapatikana bure. Kina cha mvua kitoe kwenye NOAA Atlas 14, takwimu za mvua za shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani. California imo kwenye juzuu la 6.

Endesha modeli mara tatu: ardhi ilivyo leo na mifereji ya leo, ardhi itakavyojengwa yote na mifereji ya leo, kisha ardhi yote iliyojengwa pamoja na miradi unayopendekeza. Wengi huruka safari ya kwanza wakidhani haina faida. Bila hiyo hutaweza kusema ni mafuriko yapi yalikuwepo kabla ya mwendelezaji kufika, na hatua ya 5 itakosa msingi.

Hapa pia ndipo inapojulikana kama mabwawa ya kila kiwanja yanasaidia kweli. Bwawa la kuzuilia hupunguza kilele cha mtiririko kwa kuyachelewesha maji. Ujazo wake unabaki uleule. Kiwanja kilicho chini kabisa mwa dakio kingemwaga maji yake mtoni na kumaliza kabla maji ya juu hayajafika. Ukikilazimisha kichelewe, maji yake yanakutana njiani na kilele kinachoshuka kutoka juu, na daraja lililokuwa salama linafurika. Hii ndiyo sababu ya kihandisi ya kutoza fedha na kujenga bwawa moja kubwa mahali pake, badala ya kumwamuru kila mmoja achimbe shimo lake nyuma ya duka.

Hatua ya 4: Orodhesha miradi na uipe bei

Mfano wetu una miradi mitatu.

Bomba kuu la zege la inchi 60, urefu futi 4,200, kwa dola 700 kila futi pamoja na uchimbaji, chemba na kurudishia lami: dola 2,940,000.

Bwawa la ekari-futi 30, ujazo unaotosha kufunika ekari 30 kwa kina cha futi moja. Ni yadi za ujazo 48,400 za udongo, kwa dola 22 kila yadi: dola 1,064,800. Ongeza dola 350,000 za mnara wa kutolea maji na njia ya dharura ya mafuriko makubwa. Jumla dola 1,414,800. Ardhi yake, ekari 6 kwa dola 180,000: dola 1,080,000.

Kalavati la boksi chini ya barabara kuu: dola 900,000.

Juu ya ujenzi weka fungu la dharura asilimia 25, kisha juu ya jumla hiyo usanifu, usimamizi na vibali asilimia 20. Kwa pamoja ni kuzidisha kwa 1.5. Bomba linakuwa dola 4,410,000, bwawa dola 2,122,200 na pamoja na ardhi yake 3,202,200, kalavati dola 1,350,000. Ardhi usiizidishie, haina usanifu.

Bei ya udongo ndiyo inayodanganya kuliko zote. Udongo ukipata wa kuuchukua jirani, yadi inashuka nusu; ukisafirishwa mbali kwa malori, inapanda mara mbili. Uliza kwanza utapelekwa wapi. Na usisahau kuhamisha nguzo, mabomba ya maji na nyaya zilizo njiani, vitu ambavyo havionekani kwenye mchoro wa dawati.

Hatua ya 5: Tenga deni la zamani

Hapa ndipo ada husimama au huanguka. Kifungu 66001 cha Mitigation Fee Act kinasema wazi kwamba ada isijumuishe gharama za upungufu uliokuwepo. Pitia mradi mmoja mmoja. Usitumie asilimia moja kwa yote.

Bomba kuu linapita kwenye ardhi tupu na halihudumii nyumba yoyote iliyopo. Mwendelezaji atalibeba lote.

Bwawa litahudumia dakio zima. Sakafu mpya ni ekari 168 kati ya 288 zitakazokuwepo, asilimia 58.33. Fungu la maendeleo mapya ni dola 1,867,950.

Kalavati linahitaji jicho. La sasa linapitisha futi za ujazo 250 kwa sekunde. Mvua ya usanifu (ile kubwa ambayo mifereji hujengwa kuihimili) leo, kabla ya jengo jipya lolote, inaleta 400. Dakio likijaa, zitakuja 550, na namba hizi zimetolewa bwawa likiwa tayari ndani ya modeli (ukilisahau bwawa utajenga kalavati kubwa bure). Uwezo unaoongezwa ni 300: katika huo, 150 ni wa kuziba upungufu wa wenyeji na 150 ni wa wageni. Nusu kwa nusu, dola 675,000 kila upande.

Jiji lililozoea kubebesha lingesema kalavati jipya ni kwa ajili ya ujenzi mpya, likaweka dola 1,350,000 zote kwenye ada. Kila ekari ya sakafu ingeongezewa dola 4,018 kwa barabara iliyokuwa inafurika kabla ya mtu yeyote kuchora kiwanja. Wakili wa upande wa pili anahitaji kitu kimoja tu: picha ya zamani ya barabara hiyo ikiwa chini ya maji.

Jumla ya fungu la maendeleo mapya ni dola 6,952,950. Ongeza asilimia 2 za usimamizi, dola 139,059. Toa fedha zilizopo mfukoni kutoka ada za awali, tuseme dola 300,000. Zinabaki dola 6,792,009.

Upande wa jiji una dola 2,009,250. Taja zitatoka wapi: mfuko mkuu, ruzuku, mkopo. Hili huonekana kama urasimu mpaka mwaka wa tano, tutakapolirudia.

Hatua ya 6: Gawanya, ukijihadhari na barabara

Dola 6,792,009 kwa ekari 168 ni dola 40,428 kwa ekari ya sakafu, au senti 92.8 kwa futi ya mraba. Dibaji ya ripoti ikiandika senti 93, umeshavuka gharama. Shusha iwe 92. Ada haikadiriwi kwa kupandisha.

Sasa angalia mtego. Zile ekari 90 za sakafu ya nyumba za familia moja zilijumuisha barabara za mtaa. Kwenye nyumba 5 kwa ekari, kila nyumba inabeba futi za mraba 3,920 za sakafu, barabara ikiwemo. Lakini karani anayepokea ombi la kibali anapima paa, njia ya gari na baraza, akapata labda 2,700. Anatoza kama dola 2,500 mahali ambapo hesabu ilitarajia dola 3,639. Karibu theluthi ya mapato imepotea na hakuna aliyeiba. Tiba ni mojawapo ya mbili: toza kwa ekari nzima ya ardhi kulingana na aina ya matumizi, au ondoa barabara kwenye kigawanyo tangu mwanzo na upandishe bei ya futi. Ya kwanza ni rahisi kusimamia. Viwango vyake vingekuwa dola 18,192 kwa ekari ya nyumba za familia moja, 28,300 kwa magorofa, 34,364 kwa maduka na 32,342 kwa maghala.

Kwa nyumba za kuishi kuna sharti jipya. Tangu AB 602 ya mwaka 2021, ada za makazi zinatakiwa zifuate ukubwa wa nyumba kwa futi za mraba za ndani. Kwa maji ya mvua kipimo hicho kina kasoro iliyo wazi: gorofa ya nyumba tatu zilizopandana ina paa moja. Sheria inaruhusu kipimo kingine, ila baraza la madiwani liandike sababu kwamba futi za ndani hazifai, kwamba kipimo kilichochaguliwa kina uhusiano wa haki na mzigo, na kwamba nyumba ndogo haziumizwi kupita kiasi. Andika aya hizo tatu vizuri. Nyumba ndogo ya uani iliyo chini ya futi za mraba 750 haitozwi kabisa, na pengo lake lisihamishiwe kwa wengine.

Anayebomoa na kujenga upya alipe nyongeza tu. Ghala la zamani lenye paa la futi 20,000 likigeuzwa magorofa yenye sakafu ya futi 22,000, zinazotozwa ni 2,000. Toza zote 22,000 na umetoza maji ambayo mtaro ulishayazoea miaka 40.

Hatua ya 7: Ipitishe kwa namna itakayosimama mahakamani

Ripoti ya uhusiano kati ya ujenzi mpya na miradi hupitishwa kwenye mkutano wa hadhara uliotangazwa siku 30 kabla, na hupitiwa upya angalau kila miaka 8. Ada yenyewe haianzi kutozwa mpaka siku 60 baada ya uamuzi wa mwisho. Azimio litaje lengo la ada, matumizi yake, na uhusiano wake na aina ya ujenzi unaotozwa. Weka humo nyongeza ya kila mwaka inayofuata fahirisi ya gharama za ujenzi ya jarida la Engineering News-Record, la sivyo baada ya miaka mitano ada yako itanunua sehemu tu ya bomba.

Kesi mbili zisomwe na kila anayeandika ripoti hii. Ya kwanza ni ya Florence Dolan, mwenye duka la vifaa vya bomba na umeme huko Tigard, Oregon. Alitaka kupanua duka na kusakafia maegesho. Jiji likamtaka aachie ardhi iliyo kwenye uwanda wa mafuriko wa kijito cha Fanno na ukanda wa njia ya miguu na baiskeli. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubali kwamba lami mpya huongeza maji kijitoni, ila ikalitaka jiji lioneshe uwiano wa karibu kati ya linachodai na athari ya mradi wenyewe. Ya pili ni ya George Sheetz dhidi ya El Dorado County, California, iliyoamuliwa Aprili 2024. Alitozwa dola 23,420 za barabara ili aweke nyumba yake. Wilaya ilijitetea kwamba kiwango kilipitishwa na baraza kwa watu wote, hivyo kisipimwe kwa kipimo cha Dolan. Mahakama ikasema kupitishwa na baraza peke yake si kinga. Swali la kama kiwango cha jumla kinahitaji hesabu ya kina kama ya mtu mmoja mmoja liliachwa wazi. Kwa hiyo hesabu za hatua ya 5 zihifadhiwe pamoja na faili za modeli. Miaka kumi baadaye mtu ataziuliza.

Hatua ya 8: Kutoza, kusamehe, kurudishia

Duka hutozwa kibali cha ujenzi kinapotolewa. Nyumba za kuishi kwa kawaida hulipa kwenye ukaguzi wa mwisho au cheti cha kuhamia. Andika kiwango kinachotumika ni cha tarehe ipi.

Mara nyingi mwendelezaji wa kwanza anahitaji bomba kuu kabla mfuko haujawa na fedha. Mwache ajenge, kisha mpe nafuu kwenye ada yake na mkataba wa kurudishiwa kinachozidi. Mkataba mzuri una mambo haya: nafuu ihesabiwe kwa kiasi kidogo kati ya makadirio ya mpango na ankara zilizokaguliwa, malipo yatoke kwenye ada za watakaofuata tu, kwa foleni ya tarehe, uwe na mwisho, kwa mfano miaka 15, na bomba dogo la ndani ya mtaa wake lisihesabiwe, maana hilo angelijenga vyovyote. Sharti la mwisho likisahaulika, unakuta mtu amedai nafuu ya bomba la inchi 18 linalohudumia nyumba zake nane.

Anayejenga bwawa lake mwenyewe apunguziwe kwa kadiri modeli inavyoonesha kilele kimeshuka kwenye mradi wa jiji, si kwa ukubwa wa shimo. Na vichujio vya usafi wa maji vinavyodaiwa na kibali cha Clean Water Act ni wajibu wake tofauti, havipunguzi ada.

Hatua ya 9: Mfuko

Ada ikae kwenye akaunti yake, na riba yake humo humo. Isifagie mitaro, isizibue chemba, isilipe mshahara wa fundi wa matengenezo. Ndani ya siku 180 baada ya mwaka wa fedha, jiji litoe taarifa ya kilichoingia, kilichotoka na mradi uliolipiwa.

Kila mwaka wa tano, kwa fedha ambazo hazijatumika, baraza litamke upya lengo lake, uhusiano wake, vyanzo vyote vya kukamilisha miradi na tarehe zinazotarajiwa. Zile dola 2,009,250 za upande wa jiji zinarudi hapa. Zisipokuwa na chanzo, kalavati halijengwi, tamko haliandikiki kwa ukweli, na fedha hurudishwa kwa wenye mali wa sasa. San Clemente ilijifunza hilo mwaka 2015, mahakama ilipoiamuru irudishe kama dola milioni 10.5 za ada za maegesho ya ufukweni zilizokusanywa kwa miaka bila maegesho kujengwa na bila tamko la kutosha.

Kwa anayelipa

Usigome kujenga kwa sababu ya ada usiyoikubali. Kifungu 66020 kinakuruhusu ulipe, au utoe dhamana ya kulipa, huku ukiwasilisha pingamizi la maandishi lenye sababu za kihesabu: onesha mradi upi ni deni la zamani, sakafu ipi imehesabiwa mara mbili, dakio lipi si lako. Una siku 90 za kupinga tangu ada ilipowekwa na siku 180 za kufungua kesi. Anayetaka kuangusha azimio lenyewe ana siku 120 tangu lianze kufanya kazi. Jiji kwa upande wake linatakiwa likupe taarifa ya maandishi inayotaja kiasi cha ada na kwamba siku 90 zimeanza. Itafute taarifa hiyo kwenye makaratasi ya kibali kabla ya kusaini kitu kingine. Kama haimo, zile siku 180 za kufungua kesi hazijaanza kuhesabiwa.